Nyota Inayonuka Maziwa

Nyota ya mia nne na kumi na saba ilinuka maziwa yaliyochacha.

Sikitu Kingu aliing'oa barakoa usoni, akalivuta beseni la bluu lililokuwa katikati ya miguu yake, akatapika. Kidato cha Tatu kizima kikalipuka kwa makofi.

"Tisa! Tisa hiyo!" alipiga kelele Elifuraha, kijana wa sauti nene aliyekaa dawati la nyuma kabisa. "Mwalimu, andika kabla haijapoa!"

"Mara ya sita leo," mwenzake akasema kwa wivu. "Mimi tangu Jumatatu sijatoa hata tone."

"Wewe pua yako ya mapambo."

Wakacheka. Mwalimu Leokadia Ntandu naye akacheka, kwa mazoea tu, huku akimpelekea Sikitu kikombe cha maji. Alipoinama kumfuta mdomo ndipo alipouona mfupa wa bega la yule binti umechomoza chini ya shati la shule kama mpini. Kicheko kikamkauka. Akanyanyuka na kulitazama darasa lake kana kwamba ameingia sasa hivi: watoto thelathini na sita, barakoa thelathini na sita za raba nyeusi, mabeseni thelathini na sita yamepangwa mistari minne, na makofi bado yanalia. 

Mtoto anatapika, wenzake wanampongeza. Na aliyewazoesha hayo ni yeye.

Miezi mitatu nyuma, sanduku la Mradi wa Pua ya Anga liliposhushwa hapa Sekondari ya Kisonzo, ni yeye aliyesimama kwenye mkutano wa wazazi akasema, "Watoto wetu watafanya utafiti wa kweli. Si picha za kitabuni, wazazi wangu. Nyota zenyewe." Aliyasema kwa moyo mweupe. Yeye elimu yake aliipata madarasa ya jioni, akiwa mtu mzima tayari, amekaa kwenye madawati ya shule ya msingi magoti yakimgusa kidevu. Alichojua kuhusu anga kilitoka kwenye kitabu kilichochanwa kurasa za katikati. Leo anaambiwa wanafunzi wake watapewa mwanga halisi, kazi ile ile wanayofanya watafiti? Alisaini fomu palepale.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Darubini iliyoelea juu ya hewa yote ilipima mwanga wa kila nyota kila baada ya nusu saa. Sayari ikipita mbele ya nyota yake, mwanga hupungua kidogo sana, kisha hurudi. Zamani kuutafuta upungufu huo ilikuwa kazi ya mashine, lakini mashine zilizofundishwa kutafuta sayari zilianza kujitungia sayari zisizokuwepo, watafiti wakaacha kuziamini. Ndipo mtu mmoja akaikumbuka pua. Barakoa ilizichukua siku tisini za nyota ikazibana ndani ya sekunde tano za harufu. Nyota iliyotulia ilinuka shuka lililoanikwa juani. Iliyochafuka ilinuka uozo wa namna namna, na ile yenye upungufu unaofanana na wa sayari ilipewa maziwa yaliyochacha, kwa kuwa hakuna tumbo linaloyapuuza. Mwanafunzi alitoa alama, sifuri mpaka tisa. Na kwa vile pua yoyote huzoea, palikuwa na matone: tone moja kila tundu asubuhi, ili pua isizoee kitu chochote. Mwongozo ulisema umri unaofaa ni miaka kumi na tano hadi kumi na minane, umri ambao kinyaa cha binadamu ni kikali kuliko wakati wowote.

Wiki ya kwanza Kisonzo ilileta sifuri tupu. Mkuu wa shule, Mwalimu Msengi, alikuwa amewaambia watoto, "Nyota hizi mmeletewa na wageni. Msinitie aibu." Sasa mtoto gani aliyelelewa nyanda zile za Iramba atapewa kitu na mgeni, kisha aseme kinanuka? Waliandika *hainuki*, *hainuki*, *nzuri*, machozi yakiwatiririka. Mradi ukaleta barua kwamba pua za Kisonzo hazifanyi kazi. Leokadia akalazimika kuleta yai viza, akalivunja juu ya meza.

"Semeni: linanuka!"

Kimya.

"Elifuraha?"

"Lina... lina harufu yake, mwalimu."

Sikitu peke yake, binti wa mama lishe wa stendi, aliyekuwa akitangulizwa buchani kunusa nyama tangu hajaota meno ya ukubwani, ndiye aliyesema, "Linanuka, mwalimu. Litoe." Akapigiwa makofi. Hapo ndipo makofi yalipoanzia.

*

Saa tisa alasiri Leokadia alisimama mlangoni kwake, hakuingia mara moja. Alitoa mfukoni kitambaa chenye karafuu, akakikandamiza puani, akahesabu mpaka kumi.

Ombeni, mwanawe wa miezi minane, alikuwa mkekani na Bi Zaituni, jirani aliyemlea mchana. Alipomwona mama yake akaanza kupiga mikono kama kuku anayetaka kuruka.

"Huyo mwenzako alikuwa anakuita kutwa," alisema Bi Zaituni. "Njoo umchukue, mama Ombeni. Mbona umesimama hapo kama mdai?"

"Nina mafua, bibi."

"Mafua ya wiki mbili?" Bi Zaituni alimkazia macho. "Nakuangalia tu. Siku hizi unamnyonyesha mtoto umegeukia dirishani. Kama unamwibia."

Leokadia alijifanya kupenga kamasi. Kanuni ya mradi ilitaka kila alama ya tisa ihakikiwe na pua ya mwalimu. Alama za tisa zilikuwa nyingi, naye alitia matone kama wanafunzi wake. Zamani alikuwa akiingia nyumbani anazamisha pua kwenye shingo ya Ombeni, pale kwenye mkunjo chini ya sikio, anavuta pumzi mpaka uchovu wote unamtoka. Kilikuwa kitu chake. Hakuwahi kumsimulia mtu, maana nani anasimulia jambo kama hilo.

Bi Zaituni alipoondoka alikiweka kitambaa chini. Leo sifichi uso, alijisemea, huyu ni mwanangu. Akamnyanyua na kuisogeza pua shingoni.

Maziwa yaliyochacha. Si kwa mbali, si kidogo. Beseni zima la maziwa yaliyofunikwa juani siku tatu, yenye utando wa kijani juu, limemiminwa kwenye mkunjo ule mdogo chini ya sikio. Alikunja pua, midomo ikajivuta, koo likatoa mlio.

Ombeni alimtazama. Akadhani ni mchezo. Naye akakunja kipua chake, akavuta midomo, akatoa mlio uleule kooni, halafu akacheka kwa fahari ya kulipatia.

Leokadia alimlaza mkekani polepole, akatoka nje, akashika ukuta. Aliichukia pua yake, akaichukia mikono iliyomlaza mtoto chini. Ndani, Ombeni aliendelea kuufanyia mazoezi uso ule mpya aliofundishwa na mama yake.

*

Kesho yake asubuhi mama yake Sikitu aliingia ofisi ya mkuu wa shule na hotipoti kubwa kichwani. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka arobaini na ushee, kanga kiunoni, unga wa mtama bado uko kwenye vidole.

"Shikamoo mama," Leokadia alimwamkia.

"Marahaba, lakini sikuja kuamkiwa." Aliitua hotipoti mezani, juu ya makaratasi ya Mwalimu Msengi. "Niitieni mwanangu."

Sikitu aliitwa. Aliposimama mlangoni na kuiona hotipoti alirudi hatua moja nyuma.

"Mnamwona?" mama akasema. "Mnaona anavyoikimbia? Hiki ni kuku na mlenda. Madereva wa mabasi wanaruka stendi tatu bila kula ili waje kula kwangu. Wiki ya nne hii mwanangu hajaweka tonge langu mdomoni. Juzi kaniambia, 'Mama, kinanuka.' Mbele ya wateja! Nani kamfundisha neno hilo?"

Leokadia alitazama sakafu.

"Mama Sikitu, tulia kwanza," alisema Mwalimu Msengi, mzee mpole aliyebakiza miaka miwili astaafu na aliyekuwa ameota jengo la maabara tangu aajiriwe. "Mwanao yuko karibu kupata sayari. Nyota moja, ya mia nne na kumi na saba, kaipa tisa mara zote. Vimebaki vikao tisa tu vya kuinusa ili kuthibitisha. Jina lake litaandikwa. Na sisi tutajengewa maabara."

"Hiyo sayari inaliwa?"

"Mama..." Sikitu alianza. "Vikao tisa tu. Kisha nitakula."

"Utakula na pua ipi?"

Binti alishika fremu ya mlango. Mama yake akamgeukia mkuu. "Mimi mtu mmoja akitapika kwenye benchi langu nafunga genge siku nzima kwa aibu. Ninyi nasikia mnapiga makofi. Shule gani hii?"

Kisha, bila kuombwa, akakifungua kifuniko.

Mvuke ulimpata Leokadia usoni kabla hajageuka. Aliwahi kuziba mdomo kwa mkono, lakini mlio ulikwisha kumtoka. Mama yake Sikitu alimtazama, na ile hasira usoni mwake ikabadilika taratibu ikawa kitu kingine, kama mtu aliyekuja kugombana na mwizi akamkuta ni mgonjwa.

"Hata wewe?"

"Hata mimi, mama," alisema Leokadia. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mtu. "Mwanangu ananyonya. Siwezi kumnusa."

Mama Sikitu akakirudisha kifuniko, akakibana kwa nguvu mpaka kikalia.

*

Dokta Pontian, msimamizi wa mradi, alifika Alhamisi. Alikuwa mtu wa heshima, shati limenyooka, mfukoni ana peremende za kuwagawia watoto.

"Hamjambo?"

"Hatujambo!"

"Mnajisikiaje?"

"Vizuri!" thelathini na sita kwa sauti moja.

Leokadia alimfuata chumba cha walimu na kumweleza yote: matone, mabega ya Sikitu, hotipoti. La Ombeni alilibakiza. Dokta alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma, akafungua kompyuta yake bapa.

"Mwalimu, sisi hatufanyi mambo gizani. Kila Ijumaa kila mshiriki anajaza fomu ya afya. Tazama." Alipitisha kidole. Swali lilikuwa moja: *Hali yako ikoje?* Wiki kumi na moja za majibu zikateremka. Nzuri. Nzuri. Salama. Namshukuru Mungu. Nzuri tu. Salama kabisa. Akasimamisha kidole kwenye jina moja. "Na huyu ni wewe."

*Salama tu*, ulisema mwandiko wake. Mara kumi na moja. Nyingine aliijaza akitoka kutapika.

"Dokta, hiyo ni salamu," alisema. "Mtu akikuuliza hali yako, unasema nzuri. Hata kama nyumbani kuna msiba unaanza na nzuri, ndipo useme. Na fomu yenu haina nafasi ya kuendelea."

"Kwetu sisi hizo ni takwimu."

Leokadia alikuwa amelifundisha darasa zima kusema yai linanuka, akasahau kuwafundisha kusema wao wenyewe wanaumwa.

"Basi naomba kitu kimoja," alisema. Akachukua barakoa ya akiba rafuni, akaichomeka, akatafuta nyota ya mia nne na kumi na saba. Akaweka kichupa cha matone pembeni. "Inuse na wewe. Mara moja tu, ujue watoto wananusa nini."

Dokta aliuondoa mkono wake mezani. Aliuondoa haraka mno.

"Aa, hapana. Mimi siwezi." Akacheka kidogo. "Nina mtoto mchanga nyumbani."

Maneno yakabaki hapo mezani kati ya barakoa na peremende. Basi madhara ya matone aliyajua. Aliyajua kabla hajaliteremsha sanduku, akawa anaingia na shati lake lililonyooka kuwauliza watoto wa wenzake mnajisikiaje. Leokadia alimwangalia vidole, visafi, kucha zimekatwa vizuri, akaona kinyaa ambacho hakuna tone lililowahi kumpa.

"Na namba?" aliuliza, sauti ikiwa chini. "Hizo harufu zimetengenezwa kutokana na namba. Ziko wapi?"

"Zimo, kwenye kablasha la mwisho. Kwa wataalamu." Dokta alifurahi kubadilisha mazungumzo. "Lakini za kazi gani, mwalimu? Nyota moja ina namba elfu nne na zaidi. Watoto wako wangechukua wiki nzima, ilhali pua inamaliza kwa sekunde tano. Vikao tisa tu, mpaka Ijumaa ijayo. Mkishindwa tutawapa shule nyingine."

*

Asubuhi iliyofuata Leokadia aliingia darasani na sanduku tupu, akaanza kukusanya barakoa dawati kwa dawati. Mwanzo walidhani anazisafisha.

"Mwalimu, na matone?" aliuliza Elifuraha.

"Na matone."

Ghasia zikaanza. "Unatupokonya sayari!" "Mwalimu, maabara!" Sikitu alikuwa ameikumbatia barakoa yake kifuani kwa mikono yote miwili.

"Hii siitoi," alisema. "Ile nyota ni yangu. Nimeitapikia mara arobaini. Nimeacha kula kwa mama kwa ajili yake. Ukiichukua leo, nimeteseka bure."

Hilo ndilo lililokuwa limemnyima Leokadia usingizi. Binti alikuwa ameshalipa. Kumwambia acha sasa ni kumnyang'anya hata kile alichokilipia. Kumwambia endelea ni kumuua kwa makofi. Akavuta kiti, akakaa mbele yao, jambo asilowahi kulifanya.

"Nina mtoto anaitwa Ombeni," alisema. "Ananukia maziwa, kama watoto wote. Tangu nianze matone, nikimkaribia natapika. Juzi kanikunjia pua, kwa kuniiga mimi. Nilikuja hapa nikawaambieni ni utafiti. Sikuuliza matone yana nini. Niliona aibu kuwauliza wageni. Mnisamehe."

Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuombwa msamaha na mwalimu pale Kisonzo. Hawakujua waangalie wapi.

"Sikitu, sikupokonyi nyota," akaendelea. "Mpaka leo umepewa harufu yake tu. Nataka nikupe yote."

Akaweka mezani rundo la karatasi za grafu kutoka stoo ya hisabati. Namba elfu nne mia tatu na ishirini: siku tisini, kila siku vipimo arobaini na nane. Kwa watoto thelathini na sita, kila mmoja namba mia na ishirini. Kila namba nukta moja ya penseli. Alikuwa amefundishwa hivyo kwenye madarasa yake ya jioni, na mwalimu aliyekuwa akirudia kila siku kwamba nukta moja haisemi kitu, subiri zije na wenzake.

Sikitu akaiweka barakoa yake sandukuni, taratibu, kama anamlaza mtu.

Iliwachukua siku nne. Waliharibu karatasi, wakagombania vifutio, wakatukanana kwa ajili ya mistari iliyopinda. Elifuraha aligeuza kipande chake juu chini, na nusu ya Kidato cha Tatu ikashinda asubuhi nzima ikidhani nyota imelipuka. Leokadia alipika uji mzito wa muhogo, wakaubandikia karatasi kwenye ukuta mrefu wa bwalo, mwisho kwa mwisho, mpaka zikafika dirisha la jikoni. Kisha wote wakarudi nyuma hatua kumi kutazama.

Hapo palikuwa na nyota. Mstari mrefu unaotetemeka kidogo, na ndani yake vishimo: kimoja, kingine, kingine, kila baada ya siku sita. Kumi na vitano. Hakuna aliyepiga makofi. Walisimama tu, midomo wazi, kama watu waliozoea kusikia sauti ya mtu gizani na sasa taa imewashwa.

"Ipo," alinong'ona Elifuraha. "Jamani, ipo kweli."

Sikitu alikuwa ameshachukua rula. Alipima kishimo cha kwanza, cha pili, cha tatu, akarudi cha kwanza. Alitembea ukuta mzima hivyo, kimya, midomo ikihesabu. Alipofika dirisha la jikoni aligeuka, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyenusa nyama mbovu buchani.

"Havilingani," alisema.

"Nini?"

"Kirefu, kifupi. Kirefu, kifupi. Mpaka mwisho." Alirudi ukutani na rula. "Sayari moja ingechimba kishimo kilekile kila inapopita. Hivi ni vitu viwili. Kimoja kina mwanga mkali, kingine hafifu, vinazungukana. Hafifu kikipita mbele, giza linakuwa kubwa. Kikijificha nyuma, linakuwa dogo." Akaishusha rula. "Ni nyota mbili, mwalimu. Si sayari."

Leokadia alipima mwenyewe. Alitamani kwa roho yake yote binti awe amekosea. Hakuwa amekosea. Barakoa ilivichanganya vishimo vyote ikavifanya harufu moja, na pua hata iwe kali vipi isingeweza kuvitenganisha. Mara arobaini binti alitapika kwa kitu ambacho rula ya plastiki ilikiona kwa nusu saa.

Mwalimu Msengi alikuwa ameingia bila kusikika. Alimvuta Leokadia pembeni, lakini bwalo lilikuwa kimya mno na kila mtu akasikia.

"Mwalimu, huu ukuta watu wa mradi hawajauona," alisema. Hakuwa na ubaya usoni, alikuwa na maabara tu. "Siku mbili zimebaki. Vikao tisa vinatosha siku moja. Pua zitasema tisa, na hatutakuwa tumesema uongo. Wamekuja wenyewe wakataka pua. Tuwape wanachotaka."

Leokadia alifungua mdomo, lakini Sikitu alitangulia. Alisimama mbele ya mkuu wa shule, mikono nyuma kama adabu inavyotaka, macho chini.

"Samahani, Mkuu," alisema. "Hilo linanuka."

*

Waliandika ripoti siku ileile: nyota ya mia nne na kumi na saba ni nyota mbili, na hivi ndivyo tulivyojua. Sikitu aliiandika kwa mkono wake na kuweka jina lake mwisho, chini ya majina ya wenzake thelathini na watano.

Kisha Leokadia akagawa fomu za afya upya, akiwa ameongeza mistari ishirini mitupu chini ya lile swali. "Salamu tumeshasalimiana," aliwaambia. "Sasa jibuni."

*Naogopa bwalo. Nakula nje chini ya mti nimeziba pua.*

*Mdogo wangu akija kunikumbatia namsukuma.*

*Sinywi chai yenye maziwa tangu Machi.*

Ya Elifuraha ilikuwa fupi: *Mimi nilikuwa najitia kidole ili nipigiwe makofi. Nyota zangu zote zifuteni.*

Kwenye sanduku palikuwa na orodha ya shule nyingine arobaini na moja zenye barakoa. Leokadia alizitumia zote nakala za ripoti na majibu hayo, kwa mwalimu mmoja mmoja kwa jina, na mwanzoni mwa kila barua akaandika: *Mwenzangu, najua umeandika salama. Mimi pia niliandika.* Shule tisa zilikuwa zimejibu kabla gari la mradi halijaja kuchukua sanduku. Dereva alilipakia bila neno. Maabara haikujengwa.

"Itarudi?" Sikitu alimuuliza siku hiyo, wakilitazama gari likiondoka. "Pua?"

Jibu la kumtuliza mtoto lilikuwa tayari mdomoni. Leokadia alilimeza. "Sijui, Sikitu. Tutapima."

Wakapima. Kila mmoja alichukua karatasi moja ya grafu iliyobaki. Sikitu aliweka nukta kila jioni kwa tonge moja la mama yake, tonge moja tu, lililomezwa kwa machozi na ndimu. Leokadia aliweka nukta kwa shingo ya Ombeni. Asubuhi walikutana mlangoni mwa darasa.

"Yako?"

"Tisa, mwalimu. Yako?"

"Tisa."

Tisa, tisa, tisa. Mstari ulikwenda sawa kama meza. Kitambaa cha karafuu alikuwa amekichoma, na kila alasiri alimnyonyesha mwanawe amemtazama usoni. Bi Zaituni aliacha kumsema, akawa anaweka beseni karibu bila maneno.

Siku ya kumi na tisa ilikuwa Ijumaa. Jua la saa kumi lilikuwa mkekani. Alimnyanyua Ombeni, akajikaza, akaisogeza pua kwenye mkunjo chini ya sikio.

Maziwa yaliyochacha. Yaleyale. Lakini ule utando wa juu, ule wa kijani uliokuwa ukimgeuza tumbo kabla ya yote, hakuuhisi. Akanusa tena. Akanusa mara ya tatu, polepole, kama Sikitu na rula yake. Ombeni akakunja kipua, akatoa mlio wao, akacheka.

Leokadia alichukua penseli. Alitaka kuandika saba. Moyo ulimwambia saba. Mkono ukakataa. Akaweka nukta kwenye nane, mraba mmoja chini ya mstari. Akaitazama. Nukta moja haisemi kitu, alijikumbusha, huenda ni mafua ya kweli safari hii. Akaiegemeza karatasi ukutani mahali atakapoiona kesho akiingia, nafasi nyeupe iliyobaki ikielekea mlangoni, akamrudisha mtoto kifuani.